Bati la Mchanga Pale Mashineni

Marahaba, wajukuu zangu. Naitikia kabla hamjaamkia, maana nawajua: siku hizi swali linatangulia, salamu inakuja baadaye ikiwa imebaki nafasi.

Swali lenyewe ni la Husna, binti wa mwanangu Hadija. Kapanga chumba kule Isevya, ana paka jike aliyezaa juzi, na watoto wameanza kutembea. Kaja kwangu na mfuko wa plastiki wenye picha ya paka mweupe aliyekaa kama bibi harusi. Ndani mna punje za kijivu. Akaniuliza, "Bibi, mchanga huu wa dukani unawafaa hawa wadogo?" Nikamwambia alete kikombe cha maji. Akadhani nina kiu.

Kikombe hicho nitakirudia. Kwanza mjue kwa nini mnaniuliza mimi, mwanamke aliyeishia darasa la nne. Jina langu ni Tatu binti Sudi. Nilikuwa mfagiaji wa mashine ya kukobolea mpunga ya Bwana Nassoro, barabara ya kutokea Kwihara, na nilifagia pale mpaka magoti yalipokataa. Kwa jina nilikuwa mfagiaji. Kwa kazi hasa nilikuwa mtu wa paka: kuwalisha, kuwapa maji, na jambo ambalo watu hawapendi kulisema mezani, yaani choo chao. Panya anapenda mpunga kuliko sisi tunavyoupenda wali, kwa hiyo mashine isiyo na paka inakoboa nusu kwa ajili ya watu na nusu kwa ajili ya panya. Lakini paka naye lazima aende haja, na ndani ya mashine ya mpunga hakuna mahali ambapo haja ya paka si balaa.

Aliyenifundisha ni Mama Zuwena, Mungu amrehemu, mwenyeji wa Gongoni, mrefu, mkali wa macho na mpole wa mikono. Hakuniita Tatu mpaka nilipojua kushika ufagio bila kutimua vumbi. Kabla ya hapo nilikuwa "wewe wa mlangoni."

Nianze na bati, maana nyie mnaanza na mchanga, na hapo ndipo mnapokosea.

Siku hizo hapakuwa na trei za plastiki za rangi. Tulichukua debe la mafuta ya kula, tukampelekea Fundi Ramadhani wa mabati, akalipasua kwa ubavu likawa mabeseni mawili. La kwanza alilotutengenezea lilikuwa zuri la kutazama, kingo ndefu kama sanduku. Paka mkubwa aliruka akaingia. Watoto walisimama nje, wakalitazama lile bati kama watu waliofika ofisini wakakuta mlango umefungwa, kisha wakamaliza shida yao pale pale nje. Fundi Ramadhani alipoambiwa alikasirika, akasema bati halina kosa, wafundisheni paka kuruka. Mama Zuwena akamuuliza kama yeye alizaliwa anaruka.

Akalikata upya. Mbele pawe chini, mtoto wa paka aweze kuvuka bila kuburuza tumbo. Nyuma na ubavuni paachwe juu ili mchanga usimwagike. Na ukingo ukunjwe mara mbili. Hapo Mama Zuwena alikuwa na kipimo chake: alivua mtandio wake, akaupitisha ukingoni polepole, mzunguko mzima. Uzi mmoja ukinasa, bati linarudi kwa fundi. Alisema unyayo wa mtoto wa paka ni laini kuliko mtandio. Mpaka leo Husna akininunulia beseni, nalipitishia kitambaa, na ananicheka.

Halafu mahali. Msiweke choo cha paka karibu na chakula chake. Hata nyie hamli msalani. Msiliweke penye kishindo. Sisi tuliliweka bati la kwanza nyuma ya injini, kwa kuwa palikuwa na nafasi. Siku hiyo paka wetu Sikitu kaingia, kajikunyata vizuri, macho kayafumba nusu, na Nikodemo akawasha injini. Nikodemo ndiye aliyekuwa anaendesha mashine, mtu wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi. Mpole sana, hakujua kama kuna mtu msalani. Sikitu alitoka pale kama jiwe la manati. Hakurudi nyuma ya injini maisha yake yote, na Nikodemo alimwomba msamaha kwa dagaa wiki nzima.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike, na hili sitalisema kwa kucheka.

Pale mashineni palikuwa na wanawake wapepetaji. Mpunga ukishakobolewa, wao wanaupepeta kwa ungo, wanatoa chuya na mawe. Mmoja wao aliitwa Nyamizi, mwenyeji wa Ntalikwa. Mikono yake ilikuwa myepesi mno. Ukimtazama anapepeta utadhani ungo ndio unaocheza na yeye anaufuata. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Maganga. Alikuwa ameanza kukimbiakimbia.

Wakati huo hatukuwa na paka. Panya waliwekewa sumu, imepakwa kwenye dagaa, nyuma ya magunia. Kila mtu mzima alijua ilipo. Maganga hakuwa mtu mzima.

Sina maneno mengi hapo. Nyamizi alimkuta anatafuna, akamtia kidole mdomoni kumtoa yule dagaa, na alichelewa. Tulimzika Ntalikwa. Bwana Nassoro aliporudi kutoka mazikoni hakuingia nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja mashineni, akakusanya sumu yote kwa mikono yake, akaitumbukiza kwenye shimo la choo. Kesho yake alikuja na paka ndani ya kikapu, jike la kijivu lenye sikio lililokatika. Ndiye Sikitu. Kwa hiyo mkisikia nasema paka wa mashine, msidhani tuliwafuga kwa kuwapenda. Walikuja badala ya sumu.

Nyamizi alirudi kazini. Baadaye akapata mtoto mwingine, wa kike, aliyezaliwa mvua zikinyesha, akaitwa Kabula. Akawa anafanya kazi naye mgongoni, kama wenzake. Mtoto alipoanza kutambaa, wenzake walimwona Nyamizi akimtandikia mkeka, kwanza kidogo, kisha muda mrefu zaidi. Nilifurahi nilipoona vile. Mama Zuwena alianza kufagia kona ile ya mkeka mara mbili.

Sikitu naye akazaa. Watoto wanne: Asali, Nta, Karanga, na wa mwisho tukamwita Kaidi, kwa tabia. Na hapo ndipo tulipokosea kosa ambalo nadhani linaweza kufanywa na watu wa mashine ya mpunga peke yao.

Kwenye bati tulitia pumba. Nani asingetia? Pumba za mpunga tulikuwa nazo mlima mzima nyuma ya jengo, hazina bei, ni kavu, zinanyonya mkojo, hazinuki haraka. Mama Zuwena alikubali, Bwana Nassoro alikubali, Nikodemo ndiye aliyekuwa anazileta kwa ndoo. Sikitu alizipenda, na watoto wakajifunza kwa mama yao. Walipofumbua macho na kuacha kuyumba, tuliwachukua mmoja mmoja baada ya kunyonya, tukawaweka ndani ya bati, tukawashika mkono wa mbele tukawaonyesha kufukua. Walijua haraka. Tulijisifu. Mama Zuwena alisema hajawahi kuona watoto wa paka wenye adabu kama hawa.

Kisha akaja Mzee Masanja wa Puge. Alikuwa mkulima mkubwa, na watu wa Puge walifuata anapokwenda yeye. Mpunga wake ulimwagwa juu ya turubai ili ukauke kidogo kabla ya kukobolewa. Akauzunguka na fimbo yake, akaingiza fimbo, akaitoa, akainusa. Hakupaza sauti. Alimwita Bwana Nassoro na kumwonyesha.

"Nassoro," alisema, "mimi mpunga nimeuleta uwe chakula. Sikuuleta uwe choo cha paka wako."

Akaamuru magunia yarudishwe garini. Kwa miaka yote niliyofagia pale sikuwa nimewahi kuona mpunga unapakiwa kutoka mashineni bila kukobolewa. Wakulima wengine wawili waliokuwa wanasubiri zamu wakatazamana, wakafunga magunia yao.

Jioni ile Bwana Nassoro alituita. Msimdhanie vibaya, alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana hakututazama usoni. Alisema magari ya Puge yakirudi kwa mavuno ya mwisho, kama paka bado wanachafua mpunga, paka watapelekwa porini na dawa ya panya itarudi. Alisema itawekwa juu, kwenye mapaa, mahali pasipofikika. Wakati anasema hivyo, Nyamizi alikuwa ameshainuka. Alimwokota Kabula kwenye mkeka, akamweka mgongoni, akafunga kanga mafundo mawili. Na tangu siku ile hakumshusha.

Mtoto aliyekwisha kujua kutambaa, mkimfunga mgongoni kutwa, hakubali. Kabula alipiga mateke, alilia, alimng'ata mama yake begani. Nyamizi alipepeta vile vile, jasho linamtiririka, mtoto mzito anarukaruka mgongoni na ungo hauyumbi. Wenzake wakamwambia amshushe kidogo, dawa bado haijawekwa. Aliwajibu kwa upole kwamba hata ile ya kwanza aliambiwa iko mahali pasipofikika.

Kazi nyingine hakuwa nayo. Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa hilo, wajukuu zangu: paka wakijua kwenda haja mahali pao, mtoto yule atatembea. Wasipojua, atakua mgongoni.

Mimi na Mama Zuwena tuliwavizia wale paka kama polisi. Nikamwona Kaidi. Alikwenda kwenye bati, akafukua pumba kidogo, akaona limechafuka, akatoka. Akavuka sakafu mpaka kwenye mpunga ulioanikwa, akafukua vile vile, akakaa vile vile, na alipomaliza akafukia kwa heshima zote. Hakuwa na ukaidi wowote. Nilimwita Mama Zuwena nikamweleza. Akaniambia nivue kandambili.

Akaweka pumba sakafuni fungu moja na mpunga fungu la pili. Akanifunga macho kwa mtandio wake. Akanishika mkono akanikanyagisha huku, kisha kule.

"Wapi chooni, wapi chakulani?" akaniuliza.

Nilishindwa kutofautisha. Akavua na yeye, akafumba macho, akakanyaga. Wapagazi waliingia wakatukuta wanawake wawili wazima tumefumba macho, tunakanyaga mpunga kwa zamu, wakadhani tumepandisha mashetani. Lakini pale ndipo nilipojifunza jambo ninalowaambia leo: paka hasomi mahali, anasoma kwa nyayo. Ukimfundisha mtoto wa paka juu ya kitu fulani, basi popote atakapokikanyaga kitu kinachofanana nacho, kwake hapo ni chooni. Ukimfundisha kwenye matambara, atakwenda kwenye nguo. Ukimfundisha kwenye karatasi, msiache daftari chini. Sisi tulikuwa tumewafundisha kwenye nguo ya mpunga yenyewe.

Basi ikawa kutafuta kitu kingine, na magari ya Puge yako njiani.

Tulianza na jivu, maana kila jiko lina jivu. Jivu linaua harufu, hilo ni kweli. Lakini paka anatoka nalo miguuni, Sikitu alipiga chafya mpaka akaacha kunyonyesha, na siku ya Ijumaa Karanga alipanda kwenye mapaja ya Bwana Nassoro akiwa na kanzu ya kwendea msikitini. Alama zilikuwa wazi, unaweza kuhesabu vidole. Tukaacha jivu.

Tukajaribu unga wa mbao kutoka kwa mafundi seremala, wa mninga. Ni mwepesi, una rangi nzuri. Ukawaganda tumboni, wakajilamba, na macho ya Asali yakaanza kutoa machozi. Mkitumia vya mbao, chukueni maranda makubwa makavu yasiyo na dawa wala rangi, msichukue unga. Kwa wachanga mimi siwashauri kabisa.

Mpagazi mmoja akasema tutie vumbi la tumbaku, kuna la bure huko Urambo, tena linafukuza viroboto. Nikodemo alizima injini kusudi asikike. Kwao walilima tumbaku, na mama yake aliwahi kuwatandikia paka mabaki ya majani, kwa kuwahurumia na viroboto. Alisema watoto wa paka walikanyaga, wakajilamba nyayo, wakatokwa na mate, na mpaka jua linakwenda magharibi hawakuwa na uhai. Kisha akaongeza jambo moja ambalo sijalisahau.

"Kila anachokanyaga paka, jueni amekila," alisema.

Nyamizi alikuwa anapepeta nyuma yake. Niliona ungo umesimama.

Hapo Mama Zuwena akasema basi, itakuwa mchanga, na si mchanga wowote. Wa barabarani una oili. Wa mjini uani paka wa watu wote wameshapita. Nyamizi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba kwao Ntalikwa kuna korongo lenye mchanga mweupe ambao watu wanasugulia sufuria. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema jambo kuhusu wale paka. Hakuwahi kuwashika wala kuwafukuza. Siku ya pili alikuja na kiroba kichwani, mtoto mgongoni.

Tuliuchekecha kwa chekeche ya unga ili kokoto zibaki juu na mchanga upite. Tukauosha kwa maji mpaka yakatoka safi. Tukauanika juu ya bati la paa, juani, ukakauka na vidudu vyote vikaondoka. Ni kazi, lakini mchanga huo hauna deni na mtu.

Ila paka aliyezoea kitu humwambii acha akaacha. Msimbadilishie ghafla. Tulitia pumba kama kawaida na kunyunyiza mchanga juu, mkono mmoja. Kesho yake mchanga ukazidi kidogo. Kila tulipobadilisha, pumba zinapungua, mchanga unaongezeka, mpaka wakawa wanafukua mchanga mtupu na hawakumbuki walihamia lini. Hatukuliosha bati kwa sabuni yenye harufu kali, maana pua ya paka ikichukizwa anahama. Maji ya moto na jua, basi. Na haja tuliitoa kila mara, si kungoja jioni. Kaidi alitufundisha kwamba choo kikichafuka anatafuta kingine. Tukaongeza mabati, wasigombanie. Aliyekosea hatukumpiga wala kumsugua pua. Mnamfundisha kuwaogopa nyie, na haja ataificha mbali zaidi. Mnamwokota tu, mnampeleka.

Na nyie wenye mimba, kazi hii mwachieni mwingine. Nesi wa kliniki alituambia haja ya paka inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na Mama Zuwena alimsikiliza. Mimba yangu ya Hadija yote sikugusa bati. Wengine nanyi naweni mikono.

Lilibaki suala la mahali. Penye utulivu palikuwa mahali pamoja tu, kona ya Nyamizi. Mama Zuwena alikwenda akachuchumaa mbele yake akamwomba. Nyamizi aliitazama ile kona, akamtazama Mama Zuwena.

"Lileteni, mayo," alisema, kwa Kinyamwezi kile cha heshima cha kumwita mtu mama.

Tukaliweka pale, yeye akiwa upande huu na bati upande ule, kwenye kivuli.

Magari ya Puge yakaja. Mzee Masanja alikuwa amekubali kuleta mzigo mmoja tu, wa kupima. Asubuhi ile niliingia kufagia chumba cha Bwana Nassoro nikaona pakiti juu ya meza yake, yenye picha ya panya amelala chali. Sikuigusa. Nilifagia kuizunguka meza nikatoka, na Mama Zuwena aliponitazama usoni alijua.

Mpunga ukamwagwa juu ya turubai. Watu wote tukajifanya tuna kazi. Bwana Nassoro alisimama mlangoni na pakiti sasa iko kwenye mfuko wa koti, kona yake inachungulia. Mzee Masanja akaketi juu ya gunia, fimbo katikati ya magoti. Na Kaidi, kati ya paka wote ni Kaidi, akajinyoosha, akapanda juu ya mpunga.

Akanusa. Akafukua mara moja. Nilimsikia Mama Zuwena anavuta pumzi. Kaidi akainua mguu, akautikisa kama mtu aliyekanyaga maji, akashuka. Akavuka sakafu bila haraka kuelekea kona ya Nyamizi. Mzee Masanja alimfuata kwa macho. Wote tulimfuata kwa macho, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa anamtazama Kabula.

Nyamizi alikuwa ameinama kunyanyua chano cha mchele, na mtoto alikwisha kuyajua yale mafundo. Aliteleza kwenye kanga kwa miguu, akatua, akatambaa. Nyamizi alipohisi mgongo umekuwa mwepesi akageuka. Kabula alikuwa amekaa ukutani, mashavu yamejaa, anatafuna.

Mlio aliotoa Nyamizi siwezi kuuandika. Nikodemo alizima injini. Chano kilianguka, mchele ukamwagika, na Nyamizi alikuwa ameshafika, amepiga magoti, amemkamata mtoto taya, kidole kimeingia mdomoni. Nilimwona Bwana Nassoro ameshika mfuko wake wa koti kwa mikono miwili, kama kitu kilichomo kinataka kutoka.

Kidole kikatoka. Nyamizi akakitazama. Akakisugua kwa dole gumba. Akakiweka kwenye ulimi wake mwenyewe.

"Mchanga," alisema.

Akatutazama, mmoja mmoja. "Mama Zuwena, ni mchanga. Anakula mchanga tu."

Bati lilikuwa pembeni ya mtoto, jipya, nimelijaza asubuhi ile ile, halijaguswa, isipokuwa kishimo kidogo cha vidole vitano. Kaidi alikuwa amesimama mbele yake anangoja zamu. Kabula alikasirika kunyang'anywa, akatema uliobaki, akalia kwa hasira. Na Nyamizi akaketi chini katikati ya mchele uliomwagika, akaanza kucheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu Maganga. Alicheka mpaka machozi, na Mama Zuwena akaenda akakaa naye pale chini, akamshika tu.

Bwana Nassoro alitoka. Nilimwona kupitia dirishani anakwenda nyuma, kwenye shimo la choo. Aliporudi mfuko ulikuwa umelala bapa na mikono yake ina maji.

Mzee Masanja aliinuka, akajikokota mpaka kwenye bati, akaingiza ncha ya fimbo kwenye mchanga, akainusa kama alivyonusa siku ile. Akampisha Kaidi apite.

"Shusheni magunia," akawaambia watu wake. "Yote."

Sasa kile kikombe. Husna alikileta, nikachota punje za ule mfuko wake nikazitia majini. Tulikaa kidogo tukizungumza. Alipotazama tena zilikuwa zimevimba na kushikana, donge moja zito, kijiko kinasimama. Nikamwambia, hicho kwa paka mkubwa ni kizuri, kinarahisisha kutoa uchafu. Lakini mtoto wa paka kila kitu anakionja, na donge hilo likiwa tumboni mwake nani atalitoa? Mwekee kwanza kisichovimba wala kushikana, kisicho na manukato. Mchanga uliooshwa. Akikua, utambadilishia mkono kwa mkono, kama tulivyofanya. Na kila unachotaka kutia kwenye bati, kabla hujatia, jiulize kama mtoto akikijaza mdomoni utaweza kukitazama kidoleni mwako.

Husna akaniuliza kama Nyamizi alimfunga tena Kabula mgongoni. Siku ile mchana alirudi kwenye ungo wake. Mtoto alikuwa sakafuni, anashika ukuta, anajaribu kusimama, Kaidi anamzunguka miguuni. Na ile kanga, Nyamizi aliikunja mara nne, akaiweka chini, akaikalia.